Tupeane uzoefu: kuongeza sauti ya pili kwenye video bila kufuta ile ya asili

Ndugu zangu, naomba tukusanye hapa uzoefu wa kila aliyewahi kuiongezea video mkondo wa sauti. Sizungumzii kufuta sauti iliyopo na kuweka nyingine mahali pake, wala kuzichanganya mbili ziwe moja kama ilivyo kwa filamu zinazotafsiriwa kwenye mabanda ya video, ambako sauti ya msimulizi hupanda juu ya ile ya waigizaji na haiwezi tena kutenganishwa nayo. Nazungumzia sauti mbili au tatu zinazokaa ndani ya faili moja, kila moja ikiwa kamili, na mtazamaji akachagua aitakayo.

Mimi hurekodi masimulizi ya wazee wa Kigogo hapa Dodoma. Wajukuu wao wengi waliokulia mjini hawakifuati Kigogo vizuri, kwa hiyo tafsiri ya Kiswahili husomwa na kurekodiwa kando. Nikiifuta sauti ya mzee, nimeufuta ushahidi wenyewe, kwani namna anavyositasita, anavyocheka na anavyolivuta neno ni sehemu ya habari anayoitoa. Nikiiacha peke yake, mjukuu haambulii kitu. Programu ninayoitumia ni MKVToolNix ya Moritz Bunkus, ambayo hupatikana bure. Naburuta faili la video na faili la sauti, kisha kwa kila mkondo nachagua lugha yake na kuupa jina litakaloonekana kwenye menyu wakati wa kutazama. Hata Kigogo kina alama yake rasmi, gog, na programu inaitambua. Faili la MKV, aina ya faili inayoweza kubeba mikondo kadhaa ya sauti, hutoka upesi kwa sababu picha na sauti hazibanwi upya. Zinahamishwa tu kama zilivyo na kupangwa pamoja, na ubora haupungui. Alama ya mkondo wa kuanza nao naiweka kwenye Kigogo kwa makusudi, maana ni haki mwenye maneno asikike kwanza na mkalimani aitwe anapohitajika.

Mchangiaji kutoka Mombasa

Assalaam alaikum ndugu. Kazi yangu ni kurekodi mihadhara na harusi. Kamera hukaa nyuma ya ukumbi, na sauti safi huchukuliwa na kinasa kilichounganishwa na mikisa ya vipaza sauti. Mwanzoni midomo na maneno hulingana, lakini kadiri mhadhara unavyosonga vinaachana, kwa kuwa saa ya ndani ya kamera na ile ya kinasa haziendi sawasawa kabisa. Wengi hujaribu kutibu hali hii kwa kuisogeza sauti yote mbele au nyuma, na matokeo yake ni kwamba mwisho hukaa sawa lakini mwanzo huharibika.

Dawa ni kupima pande mbili. Piga kofi moja mbele ya kamera kabla ya kuanza na jingine baada ya kumaliza, kisha linganisha. Ikiwa tofauti ni ileile pande zote, huko ni kuchelewa tu: fungua video katika VLC, programu ya kutazamia video, bonyeza J au K, ambazo husogeza sauti kwa milisekunde 50 kila mara, hadi ilingane, halafu kiandike kiasi hicho katika MKVToolNix. Ikiwa tofauti imekua, tuseme kwa sekunde 1 ndani ya saa 1, mwendo wa sauti urekebishwe kwa sehemu 1 kati ya 3,600. MKVToolNix ina nafasi ya kunyoosha muda, lakini maelezo yake yenyewe yanashauri uangalifu inapotumiwa kwa sauti. Mimi hutumia FFmpeg, programu ya video na sauti inayoendeshwa kwa amri za kuandika, na kichujio chake kiitwacho atempo, ambacho hubadilisha mwendo bila kuifanya sauti ya sheikh iwe nyembamba au nzito.

Mwanzisha mada

Nashukuru sana, ndugu wa Mombasa. Niongeze kwamba ukipewa sauti iliyotengenezewa toleo jingine la video ileile, tazama kwanza idadi ya fremu, yaani picha, kwa sekunde. Video ya fremu 23.976 ikiharakishwa hadi 25, dakika 100 hugeuka kuwa karibu 96, na hapo hakuna kuchelewesha kutakakosaidia. Ni mwendo unaopaswa kurekebishwa.

Mchangiaji kutoka Nairobi

Kwa wanaotumia FFmpeg moja kwa moja, liko jambo linalowapotezea wengi kazi. Usipotaja mikondo unayoitaka, programu huchukua mmoja wa video na mmoja tu wa sauti, kwa kawaida ule wenye chaneli nyingi zaidi, na mikondo mingine ya sauti huachwa. Kwa hiyo taja kila kitu:

ffmpeg -i video.mp4 -i kiswahili.m4a -map 0:v -map 0:a -map 1:a -c copy -metadata:s:a:1 language=swa tayari.mkv

Hesabu huanzia 0, hivyo a:1 ni sauti ya pili, mradi video ya awali ilikuwa na sauti moja.

Mchangiaji kutoka Morogoro

Mimi ni mwalimu, na ninawaandalia wanafunzi wasioona masimulizi yanayoeleza kinachoonekana kwenye picha: jaribio la sayansi, ramani, mwendo wa mikono ya fundi. Wanafunzi wanaoona huchagua sauti ya kawaida na wasioona huchagua ya maelezo, na somo linabaki moja kwa darasa zima. MKVToolNix ina alama maalumu ya kuonyesha kwamba mkondo fulani ni wa wasioona, na ninawasihi wenzangu waiweke hata kama vifaa vingi bado haviisomi.

Tahadhari zangu ni za upande wa vifaa. Runinga nyingi zinazosoma flashi huonyesha picha bila sauti zikikutana na sauti ya aina ya Opus au DTS, kwa hiyo tumia aina ya AAC. Flashi iliyoumbizwa kwa FAT32, mfumo wa zamani wa kupanga mafaili, haipokei faili linalofikia GB 4. Na ukiipandisha video mtandaoni, mara nyingi husalia mkondo mmoja tu, kwa hiyo kwa shule za mbali natuma faili zima kwa flashi, pamoja na karatasi inayoeleza kitufe cha kubadilishia sauti kwenye rimoti.