Shotikati za gemu zimegeuka karatasi nyeupe baada ya kufomati, naombeni msaada

dada_area_c

Habari za jioni wakuu, naombeni msaada wenu maana toka juzi nahangaika na hiki kitu. Kompyuta ya nyumbani ilikuwa nzito sana ikabidi niipeleke kwa fundi, akafomati C akaweka Windows 10 mpya, ile sehemu nyingine hakuigusa kwa sababu nilimwomba kabisa kwamba humo ndo kuna gemu za mdogo wangu na picha za msiba wa baba, akanielewa. Kabla hajafomati alikopi vitu vyote vya deskitopu akaweka kwenye fleshi halafu alipomaliza akavirudisha vilevile. Sasa nimefika nyumbani nimewasha, faili za Word zipo na zinafunguka, ila shotikati za gemu zote zimekuwa karatasi nyeupe, yani lile lori la Euro Truck Simulator 2 halipo, Counter-Strike haipo, Dota 2 haipo, yamebaki majina tu chini ya karatasi. GTA San Andreas nikibofya inaleta kiboksi kinasema kitu hiki kimehamishwa au kimebadilishwa, halafu kinauliza kama nifute hiyo shotikati. Za Steam (ile programu ya kununulia na kufungulia gemu) nikibofya, Steam inafunguka vizuri (nimeshaingia kwa akaunti ya dogo) ila inaniletea dirisha la kuinstoli na inataka kushusha GB kibao. Hapa natumia bando la simu, kushusha gemu tatu za hivyo siwezi kabisa.

Swali langu, je gemu zimefutika au ni hizi ikoni tu zimeharibika? Dogo anarudi kutoka bweni Ijumaa na hiyo Euro Truck kaicheza mwaka mzima, sitaki akute haipo.

chuma_cha_pua

Pole dada. Hapo futa tu zote uinstoli upya, Windows ikishawekwa mpya gemu za zamani huwa hazikubali. Tafuta sehemu yenye WiFi nzuri ushushe usiku.

fundi_wa_usiku

Dada usifute kitu chochote na usibonyeze Install kwenye hilo dirisha la Steam. Na pale GTA inapouliza kama ifute shotikati jibu No, tutaihitaji.

Mkuu chuma_cha_pua najua umeongea kwa nia njema, ila kwa gemu za Steam siyo hivyo. Windows ikifutwa gemu zilizokuwa kwenye diski nyingine zinabaki nzima, kinachopotea ni Steam kujua ziko wapi. Kumwambia mtu ashushe upya makumi ya GB kwa bando wakati gemu iko humohumo ndani ya kompyuta yake ni kumtia hasara.

Shotikati siyo gemu. Ni kikaratasi tu kimeandikwa anwani, kama vile umeelekezwa nyumba ya mtu, mtaa fulani nyumba namba fulani. Mtaa ukibadilishwa jina nyumba bado ipo, watu wamo ndani wanapika, ila wewe na kikaratasi chako utazunguka mpaka jioni. Hata picha ya ikoni haikai ndani ya shotikati, nayo imeandikiwa anwani yake tu, kwa hiyo hapo una matatizo mawili tofauti yaliyokuja siku moja ndo maana yanakuchanganya. Gemu kutofunguka ni kesi moja, picha kuwa nyeupe ni kesi nyingine. Tuanze na gemu.

Fungua This PC uniambie unaona herufi gani na gani, na gemu ziko kwenye ipi.

dada_area_c

Asante sana kaka, umenipunguzia presha. Naona C, halafu D imeandikwa DVD, halafu E. Nimefungua E ndo nimeona folda ya SteamLibrary, folda ya Games na picha za baba zote zipo. Zamani hii E ndo ilikuwa D, nakumbuka vizuri kwa sababu dogo alikuwa anasema "weka kwenye D".

fundi_wa_usiku

Basi mtaa umebadilishwa jina. Windows mpya ilipoingia ikaipa DVD herufi D, diski yako ikasukumwa kuwa E, na shotikati ya GTA bado inaitafuta D:\Games. Hili linatokea mara nyingi sana baada ya kufomati na mafundi wengi hawaangalii kabla ya kukukabidhi mashine.

Kurekebisha bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika diskmgmt.msc, Enter. Litakuja dirisha linaonyesha diski zote. Anza na DVD kwanza maana diski mbili haziwezi kutumia herufi moja, bonyeza kulia juu yake, chagua Change Drive Letter and Paths, halafu Change, mpe Z. Ukimaliza nenda kwenye hiyo E, bonyeza kulia, palepale, mpe D. Itakuonya kwamba programu zingine zinaweza zisifanye kazi, kubali tu, wewe ndo unairudisha ilivyokuwa.

Ila dada nakuomba sana hapa uwe makini. Ukibonyeza kulia kwenye hiyo diski, kwenye menyu hiyohiyo kuna Format na kuna Delete Volume, ziko karibu kabisa na hiyo unayoitafuta. Humo kuna picha za baba. Soma neno kwa neno kabla ya kubonyeza, na kama una fleshi yenye nafasi zikopi hizo picha kwanza ndo uendelee, gemu zitasubiri.

Halafu fungua D yako, ingia SteamLibrary, ingia steamapps, uniambie kama unaona faili zinaanza na appmanifest.

dada_area_c

Nimezikopi picha kwanza kama ulivyosema, nimeziweka kwenye fleshi mbili. Kisha nimebadilisha herufi, imekubali. GTA IMEFUNGUKA na ikoni yake imerudi yenyewe bila kufanya kitu!!

Kwenye steamapps naona appmanifest_227300, appmanifest_730 na appmanifest_570, halafu kuna folda inaitwa common, nimeingia nimekuta majina ya gemu zote tatu.

fundi_wa_usiku

Safi sana. 227300 ndo Euro Truck Simulator 2, 730 ndo Counter-Strike, 570 ni Dota 2. Hizo faili ndogo ndo kumbukumbu ambayo Steam inasoma kujua gemu ipo na imefikia toleo gani, zikiwepo hizo na folda ya common ikiwepo hakuna cha kushusha upya zaidi ya apdeti kama imetoka.

Sasa fungua Steam, nenda Settings, kisha Storage, pale juu bofya jina la diski utapata sehemu ya kuongeza nyingine, chagua D. Itaikuta hiyo SteamLibrary. Zima Steam kabisa (siyo kufunga dirisha, nenda menyu ya Steam halafu Exit) uiwashe tena. Badala ya Install utaona Play.

lori_na_trela

Naomba niongezee kwenye ikoni maana mimi yalinikuta na nilipata shida kupata maelezo yanayoeleweka, nikaja kujua mwenyewe kwa kuchimbua. Dada chukua shotikati ya Steam iliyo nyeupe, fungua Notepad, halafu iburute shotikati uiachie ndani ya Notepad. Utaona maandishi kama haya, kutakuwa na mistari mingine lakini yenye kazi ni hii:

[InternetShortcut]
URL=steam://rungameid/227300
IconFile=C:\Program Files (x86)\Steam\steam\games\ (hapa linafuata jina refu).ico

Mstari wa URL ndo unafungua gemu, kama unavyoona hautaji D wala E, unataja namba tu, ndo maana shotikati nyeupe inaifungua Steam vizuri hata kama haina picha. Mstari wa IconFile ndo anwani ya picha. Hilo jina refu ni herufi na tarakimu 40 zimechanganyika, halisomeki na wala huhitaji kulielewa, ni jina la faili tu. Picha zilikuwa kwenye C, C imefutwa, fundi kakurudishia vikaratasi vinavyoelekeza kwenye folda ambayo Steam mpya imeianza ikiwa tupu.

Angalia pia hiyo njia vizuri, kuna Steam kubwa halafu ndani yake kuna steam nyingine ndogo ndo ndani yake kuna games. Mimi nilipoteza muda mwingi natafuta games kwenye ile Steam ya kwanza.

Dawa ya kwanza futa shotikati nyeupe (hapo huifuti gemu), kisha ndani ya Steam bonyeza kulia jina la gemu, Manage, Add desktop shortcut. Mara nyingi picha inakuja hapohapo kwa sababu Steam inaishusha yenyewe, ni faili dogo sana haligusi bando. Hakikisha tu intaneti iko hewani wakati unafanya hivyo.

dada_area_c

Jamani zote tatu zimeandika Play!!! Euro Truck imefanya apdeti ndogo basi. Nimefungua Notepad nimeona kweli hayo maandishi, sikuwahi kujua kama shotikati ina maneno ndani.

Nimefuta nimeweka upya, lori limerudi, Dota imerudi. Counter-Strike peke yake ndo imegoma bado nyeupe. Nimeingia kwenye ile folda ya games ndani ya steam ndogo, naona ico (faili za picha za ikoni) mbili tu.

lori_na_trela

Basi hiyo ya tatu haikushuka. Nenda tovuti ya SteamDB, tafuta Counter-Strike 2, ingia kwenye taarifa zake utaona mstari unaitwa clienticon, bofya hapo itakupa ico. Iweke kwenye hiyo folda ya games. Jina la faili lazima lifanane herufi kwa herufi na lile lililo kwenye IconFile ya shotikati yako mpya, usilibadilishe uandike "counter" ili likumbukike, haitaonekana.

Na hakikisha ni shotikati uliyotengeneza leo. Kuna watu bado wana ile ya enzi za Counter-Strike ya zamani, Global Offensive, inafungua gemu vizuri kwa sababu CS2 ilipotoka Septemba 2023 ilichukua nafasi yake kwa namba ileile 730, ila anwani ya picha ni ya gemu ya zamani.

dada_area_c

Nimeweka, jina linafanana kabisa nimehakiki mara mbili, faili lipo kwenye folda, lakini deskitopu bado karatasi nyeupe. Kwani kuna nini tena?

fundi_wa_usiku

Hapo umeshamaliza kazi, ni Windows tu inakuonyesha picha ya zamani. Huwa inatunza nakala za ikoni kwenye kashe, kama stoo, ili isizitafute upya kila ukiwasha, na ilishaweka stoo ile nyeupe. Anza na rahisi, Windows na R, andika ie4uinit.exe -show, Enter. Ikigoma funga kazi zako zote, fungua cmd (dirisha jeusi la kuandikia amri, andika cmd kwenye Windows na R) uandike hii mistari mmoja mmoja:

taskkill /f /im explorer.exe
del /a /q "%localappdata%\Microsoft\Windows\Explorer\iconcache*"
start explorer.exe

Ukiandika wa kwanza deskitopu yote itapotea na upau wa chini utaondoka, usishtuke wala usizime kompyuta, lile dirisha jeusi linabaki, endelea kuandika. Mstari wa mwisho unarudisha kila kitu. Stoo inajengwa upya yenyewe.

Ila kwa yeyote atakayesoma hapa baadaye, hii ni kwa pale ambapo ico ipo na jina ni sahihi. Naona watu wengi wanashauriwa kufuta kashe kama dawa ya kwanza ya kila ikoni, sasa kama picha yenyewe haipo hata ufute mara kumi Windows itaitoa wapi?

mkaaji_wa_likoni

Samahani kuingilia, mimi zangu si nyeupe, zimepotea zote, hata Recycle Bin sioni, deskitopu ni picha ya ukutani tu. Mtoto alikuwa akichezea mausi. Nifanye hizo cmd?

lori_na_trela

Hapana ndugu, usiguse cmd. Bonyeza kulia sehemu tupu ya deskitopu, View, utakuta Show desktop icons haina tiki, iweke. Mtoto alibofya hapo.

Kama zikirudi nusu tu, fungua folda ya jina lako ndani ya Users uangalie kama kuna OneDrive (hifadhi ya mtandaoni ya Microsoft) yenye Desktop ndani yake. Ikiwashwa ile ya kutunza nakala inahamishia deskitopu humo, unakuwa na Desktop mbili na faili zingine zinabaki kwenye ile usiyoiona.

mkaaji_wa_likoni

Ilikuwa hiyo tiki. Zimerudi zote, shukran sana.

dada_area_c

ie4uinit haikufanya kitu kwangu, nikaenda kwenye cmd. Deskitopu ilipopotea moyo uliruka kweli ila nikakumbuka umesema nisizime, nikaandika mstari wa mwisho, na Counter-Strike imekuja na picha yake. Zote nne zimekaa kwenye mstari mmoja kama dogo alivyozipanga.

Nimejaribu na Euro Truck, gereji yake ipo na malori yake yote yapo. Ila naona tarehe ya sevu (pale dogo alipofikia kwenye gemu) ni ya kabla sijapeleka kwa fundi na nilidhani sevu zinakaa kwenye C, imekuwaje hazikufutika?

fundi_wa_usiku

Umebahatika dada, dogo alikuwa amewasha Steam Cloud kwa hiyo sevu zilikuwa zimehifadhiwa kwenye akaunti yake na zimeshuka ulipofungua gemu. Sevu za GTA San Andreas hazina hiyo kitu, zinakaa Documents, folda inaitwa GTA San Andreas User Files. Muulize fundi wako kama alikopi Documents pia au deskitopu peke yake, na umuulize leo kabla hajafuta fleshi yake.

dada_area_c

Nampigia sasa hivi.