Mtoto wa kiume tumwite Barzilai? Naomba maoni

Fundi Mageti, Igoma

Mwangaluka wadau. Naomba mawazo yenu kabla ya Jumatatu. Mke wangu amejifungua mtoto wa kiume wiki tatu zilizopita, usiku ule Mto Mirongo ulipofurika na bodaboda zikagoma kupita Mabatini. Mama na mtoto ni wazima, namshukuru Mungu. Kazi imebaki kwenye jina. Mimi nataka aitwe Barzilai.

Habari yake iko 2 Samweli 17. Daudi amemkimbia mwanawe Absalomu aliyemwasi, amevuka Yordani na watu wake, wana njaa, wana kiu, wamechoka. Wakiwa Mahanaimu wanatokea watu watatu, mmoja wao Barzilai wa Gileadi, wamebeba vitanda, vyombo vya udongo, ngano, shayiri, kunde, dengu, asali, siagi, kondoo. Wakati huo kumsaidia Daudi ilikuwa hatari, maana hakuna aliyejua nani atashinda.

Babu yangu mzaa baba ndiye aliyekuwa na jina hilo. Alibatizwa ukubwani kule Nassa, na jina alilichagua mwenyewe baada ya kusomewa sura hiyo. Mwaka 1974, njaa imekaza na watu wanahamishiwa vijiji vya ujamaa, kuna familia zilishushwa jirani na kwake zikiwa hazina hata chungu. Akafungua kihenge, akawagawia mtama na michembe, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, mpaka kikabaki vumbi. Haya nilisimuliwa na bibi. Babu mwenyewe hakuwahi kuyataja.

Siku ya msiba wake alikuja mzee mmoja ambaye sisi wajukuu hatukumjua, katoka mbali kwa basi. Alikuwa na kikapu cha michembe, kimefunikwa kanga iliyopauka mpaka maandishi hayasomeki. Akakiweka mlangoni, akakishika kwa mikono miwili kwa muda, halafu akaenda kukaa na wazee. Hakujieleza kwa mtu. Bibi alipokiona kile kikapu ndipo akalia, na tangu asubuhi alikuwa hajalia.

Basi ndiyo sababu yangu. Mke wangu alimpenda sana babu, lakini jina anasema hapana. Anasema shuleni watamwita Brazili. Kadi ya kliniki tayari imeandikwa Balthazari, na nilitamka mara mbili. Mama mkwe anasema Balizilayi. Mke anapenda Ethan au Brian, na mimi sitaki kumburuza, maana uchungu wa usiku ule aliupata yeye. Kama kuna mtu humu amekua na jina zito la Biblia, naomba anieleze ukweli wote.

Mama Kulwa, Nyakato

Hongereni sana mwanangu. Mpe pole na hongera mama mtoto.

Mimi nina mapacha, Kulwa na Doto, na aliyewafuata ni Shija. Majina hayo hatukuumiza kichwa, yalikuja na watoto wenyewe. Ndiyo maana nakuuliza: huyo wa kwako, aliyezaliwa mvua imefunga barabara, hamjamwita Mabula, jina la mtoto wa mvua? Hilo bibi zake watalitamka bila kuhangaika, na litamtosha nyumbani. Barzilai likae kwenye cheti na kanisani.

Lingine naomba ulifikirie. Mimi jina la baba mkwe wangu sikulitaja tangu naolewa mpaka anazikwa. Mwanangu wa kwanza akapewa jina hilohilo, ikawa siwezi kumwita, siwezi kumkemea. Nilikuwa nasema "wewe", "njoo hapa". Mtoto alikuwa na miaka sita akaniuliza kwa nini simwiti jina lake. Iliniuma. Kwa hiyo muulize mkeo vizuri, huenda Brazili siyo sababu pekee. Huenda anaona uzito wa kumwita mtoto mchanga kwa jina la mzee aliyemheshimu.

Kijana wa Pasiansi

Kaka, kwa maoni yangu mtoto apewe jina lake, asibebeshwe historia ya ukoo. Babu mkumbukeni kwa njia nyingine. Ni hayo tu.

Babeli, Kirumba

Fundi, umeomba aliyekua na jina zito. Mimi naitwa Zerubabeli. Baba alikuwa mzee wa kanisa, na Zerubabeli ndiye aliyeongoza watu kurudi Yerusalemu kutoka uhamishoni na kuweka msingi wa hekalu la pili. Jina zuri, lina heshima. Baba alilisahau jambo moja tu: watoto hukata majina.

Darasa la pili wakaanza kuniita Zeru. Darasani kwetu kulikuwa na msichana mwenye ualbino. Kila mtu akiita "Zeru!" uwanjani, yeye ndiye aliyeshtuka. Wote mnakumbuka miaka ile ya 2007, 2008, jinsi ndugu zetu wenye ualbino walivyokuwa wakiwindwa na kuuawa huku Kanda ya Ziwa. Siku moja tukiwa tumepanga foleni ya uji, mtu akaniita kwa nguvu kutoka nyuma. Yule binti akadondosha kikombe, akakimbilia kwa mwalimu, akamkumbatia kiunoni. Uji ulimwagikia sketi yake yote. Siku hiyo nilikwenda kwa kila rafiki yangu, mmoja mmoja, nikawaomba waniite Babeli. Mpaka leo pale mwaloni ninaponunua dagaa wananijua kwa Babeli.

Kwa hiyo chukua jina lako ulikate kila upande kabla watoto hawajakukatia. Barzilai linatoa Bazi, linatoa Zilai, linatoa hiyo Brazili. Mimi sioni hata moja linaloumiza mtu. Brazili atataniwa, atacheka, litapita. Lingekuwa linaumiza ningekwambia acha leo hii.

Shida itakayokupata ni maandishi. Cheti changu cha kuzaliwa kina Zerubabeli, cha darasa la saba Zelubabeli, cha kidato cha nne Zerubaberi. Nilipotafuta kitambulisho cha taifa nilizunguka miezi, mara hati ya kiapo kwa wakili, mara barua ya mtendaji. R na L zetu za huku ndizo zilizonimaliza. Usiende kutamka dirishani. Andika mwenyewe, wape karatasi, na usiondoke kabla hujasoma walichoandika. Hiyo kadi ya kliniki isahihishwe sasa, kabla haijazaa makosa mengine.

Mwinjilisti, Magu

Ndugu Fundi, babu yako alichagua kwa macho yaliyofunguka. Soma na sura ya 19. Daudi anarudi kwenye ufalme wake, anamwambia Barzilai twende Yerusalemu, nitakutunza. Mzee anakataa. Anasema ana miaka 80, hasikii tena utamu wa chakula wala sauti za waimbaji, aachwe arudi afe katika mji wake, karibu na kaburi la baba yake na mama yake. Anamtoa Kimhamu, anayedhaniwa kuwa mwanawe, aende badala yake. Na Daudi hakusahau: katika 1 Wafalme 2:7 anamwagiza Sulemani awatendee wema wana wa Barzilai, wale mezani pake.

Kwa Kiebrania jina linatokana na chuma. Wewe unachomelea mageti, na upande wa Geita tulikuwa na Warongo waliofua majembe ya ziwa hili. Sioni kama jina hilo ni geni kwenu.

Na aliyosema ndugu Babeli yamo hata kwenye Maandiko. Ezra 2 kuna kuhani aliyeoa binti wa nyumba ya Barzilai akalichukua jina hilo. Wazao wake walipotafuta majina yao kwenye orodha ya nasaba hayakuonekana, wakaondolewa katika ukuhani. Fuata tahajia ya Biblia ya Union, na iwe hiyohiyo kila mahali.

Fundi Mageti, Igoma

Nawashukuru wote, na wewe kijana wa Pasiansi, nimekusikia.

Mama Kulwa, ulipiga penyewe. Nilimuuliza mke wangu usiku, akanyamaza kidogo, akasema babu ndiye aliyemkaribisha siku ya kwanza alipofika kwetu, alimwekea kigoda karibu na moto. Ataanzaje kusema "Barzilai, acha kujikojolea"? Nikamsomea maneno yako. Mabula limempendeza hapohapo, tangu jana ndilo analomwimbia akimwogesha. Babeli, habari ya yule binti niliisoma peke yangu kwanza, nikashindwa kuendelea na kazi. Kisha nikampa mke wangu simu. Tumekata jina pamoja kila upande, kama ulivyosema.

Kadi ya kliniki imesahihishwa leo asubuhi. Jumatatu tunakwenda kwa ajili ya cheti. Karatasi ya kupeleka dirishani ameiandika mke wangu kwa mkono wake, herufi kubwa nane, amezipigia mstari R na L.