Naombeni ushauri: nimeteuliwa "Mkurugenzi wa Haki za Binadamu Kanda ya Magharibi", siku ya nne sasa nimeikalia barua

Mwalimu_Ujiji
Habari za jioni wakuu. Mimi ni mwalimu, nipo Ujiji. Tuna kikundi chetu cha watu tisa, kila Jumamosi tunakaa chini ya mwembe na kuwaandikia watu barua. Mjane kanyang'anywa michikichi na mashemeji, tunamwandikia. Kijana kasota mahabusu na familia haijui waanzie wapi, tunawaandikia. Hatuna jina wala muhuri, hata chai kila mtu anakuja na kikombe chake.

Mwezi uliopita akashuka bwana mmoja na treni, suti safi, kitambulisho shingoni chenye ramani ya dunia. Anasema ni wa shirika la kimataifa la kujitolea la haki za binadamu, makao makuu Ulaya. Akatusifia sana. Wiki haijaisha nikapokea barua WhatsApp: nimeteuliwa Mkurugenzi wa Kigoma, Tabora na Katavi, sahihi ya "Rais wa Dunia". Nilipie kitambulisho na koti 180,000, kisha niandikishe wanachama 50 kwa 30,000 kila mmoja, na katika hiyo 10,000 inabaki kwangu.

Kikundi kimegawanyika. Wawili wameshaanza kuniita Mkurugenzi, na sitawadanganya, sijachukia. Ila nataka kujua: mashirika makubwa ya kweli yanaendeshwaje? Nani anamteua nani?

Mgebuka_Mkavu
Koti kwanza, haki baadaye. Kimbia mwalimu.

Reli_ya_Kati
Mwalimu, heshima yako. Nipo Tabora, ila nilisoma Nairobi na pale chuoni nilikuwa kwenye kikundi cha Amnesty International, shirika la kimataifa la kutetea haki za binadamu, kwa hiyo nitakueleza ninalolijua.

Lile shirika lilianza 1961. Mwanasheria wa Uingereza, Peter Benenson, aliandika makala kwenye gazeti la The Observer, Mei 28, kuhusu watu waliofungwa kwa ajili ya mawazo yao. Ilikusudiwa iwe kampeni ya mwaka mmoja tu. Watu wakaanza kujikusanya mitaani kwao, kila kikundi kinabeba wafungwa watatu: mmoja wa nchi za Magharibi, mmoja wa kambi ya Kikomunisti, mmoja wa nchi zetu hizi, ili mtu asiseme wanapendelea upande. Yaani kilichotangulia ni vikundi kama chenu cha mwembeni. Vyeo vilifuata nyuma.

Mpaka leo mamlaka yanaanzia chini. Wanachama wa nchi wanafanya mkutano mkuu na kuchagua bodi ya tawi lao. Matawi yote yanakutana kwenye Mkutano wa Dunia, zamani kila baada ya miaka miwili, tangu 2018 kila mwaka. Kila tawi lina kura moja, liwe na watu wengi au wachache. Mkutano huo ndio unaochagua Bodi ya Kimataifa, watu wa kujitolea, kwa muhula wenye kikomo. Bodi nayo inamwajiri Katibu Mkuu anayesimamia sekretarieti London na ofisi za kanda kama ile ya Nairobi. Sasa angalia: huyo Katibu Mkuu, ambaye dunia nzima inamwona kwenye televisheni, ni mwajiriwa. Akiharibu, wapo wa kumwondoa.

Kwa hiyo muulize bwana wako swali moja tu: Rais wenu wa Dunia anaondolewa na nani?

Bint_Gungu
Na hela je? Maana hata hao wakubwa si wanatoza ada?

Reli_ya_Kati
Wanatoza, dada. Ila ada inakupa kura, na hesabu zinakaguliwa na kuchapishwa. Hela za serikali kwa ajili ya uchunguzi na kampeni zao hawapokei, maana utamchunguzaje anayekulisha? Hiyo ya kubaki na 10,000 kwa kila kichwa unachoandikisha mimi sijaiona kokote. Hiyo ni biashara ya mnyororo.

Mzee_Kibirizi
Tusimpotoshe mwalimu akadhani mfumo ni mmoja. Human Rights Watch ya New York haina wanachama wa kupiga kura. Ina bodi na wafanyakazi, watafiti na wanasheria, na kazi yao inaheshimika. FIDH ya Paris, shirikisho la kimataifa la haki za binadamu la tangu 1922, wanachama wake ni mashirika, si mtu mmoja mmoja. Kutokuwa na uchaguzi peke yake si ushahidi wa utapeli. Mimi ningeanza na katiba: ipo? Inasomeka? Bodi ina majina ya watu wanaopatikana?

Koti_Jekundu
Mnaongea sana. Mimi ninacho kitambulisho kama hicho mwaka wa pili, hata trafiki wananipigia saluti.

Mgebuka_Mkavu
Umemsaidia nani kwa hiyo miaka miwili?

Koti_Jekundu
Tunajipanga.

Msaidizi_Kasulu
Mimi ni msaidizi wa kisheria huku Kasulu. Mwalimu, yote hayo ni ya Ulaya, anza na ya hapa. Shirika la kigeni haliwezi kufanya kazi Tanzania bila kusajiliwa kwa Msajili wa Mashirika Yasiyo ya Kiserikali, chini ya Sheria Na. 24 ya mwaka 2002. Nenda kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa halmashauri na jina la shirika, atakuambia kama lipo. Kuuliza hakuna ada. Ukiandikisha watu 50 na shirika halipo, watakaokuja mlangoni kudai 30,000 zao hawatampigia simu Rais wa Dunia. Watakuja kwako.

Na hicho kikundi chenu mnaweza kukisajili wenyewe, hata ngazi ya wilaya. Mtahitaji katiba, muhtasari wa kikao cha waanzilishi na viongozi mliowachagua.

Mwalimu_Ujiji
Mrejesho wakuu. Nilimuuliza lile swali. Kajibu kwa sauti: "Rais haondolewi, ndiye mwanzilishi." Nikaomba katiba, akasema hutolewa baada ya kulipia koti. Leo nimepita halmashauri, jina halipo. Ile barua ya uteuzi nimeifuta, ingawa nakiri nilikuwa nimeshawaonyesha wakwe.

Jumamosi tulinunua kaunta buku tukaandika muhtasari wetu wa kwanza. Mwenyekiti tumemchagua mama mmoja muuza mawese, kapata kura sita, mimi tatu. Katibu ndiyo mimi.

Swali la mwisho: mweka hazina anaweza kuwa mke wa katibu? Anajua sana hesabu.

Msaidizi_Kasulu
Hapana, mwalimu.