Sanduku la vifurushi getini: la waifai kutoka nje, la laini ya simu, au la fundi wa Katwe?

MamaPacha_Kira:
Habari zenu wanajukwaa. Tunamalizia ukuta wa nyumba yetu hapa Kira, nje kidogo ya Kampala, na kabla fundi hajapiga plasta nataka aache nafasi ya sanduku la kupokelea mizigo. Barua zetu zinaingia kwenye sanduku la posta mjini, hilo halinisumbui. Shida yangu ni boda anayefika na kifurushi mchana, mimi na mzee tukiwa kazini na watoto shule. Nataka akiweke ndani, afunge, nami nijue kwenye simu.

Nimeona njia tatu. Kuna sanduku linalotoka nje ya nchi likiwa kamili, lina waifai, kamera na vitufe vya namba. Kuna kufuli linalotumia laini ya simu. Halafu kuna kwenda Katwe, kwa mafundi chuma wa Kampala, wanichomee sanduku la chuma, kisha nitafute mtu wa kulifungia vifaa. Wenye uzoefu nisaidieni kulinganisha, hasa umeme ukikatika.

Waya_Jinja:
Dada, umeanza na swali lenyewe. Kabla hujaangalia kamera au programu ya simu, uliza kufuli ni la aina gani. Kufuli la sumaku linashika mlango kwa sababu umeme unapita muda wote. Yaka (umeme wa kulipia kabla) ikiisha, mlango unaachia. La solenoidi, hizi za volti 12 zinazouzwa kwa wingi, limefungwa na springi tayari, na umeme linautaka kwa sekunde chache tu wakati wa kufungua. Kwa geti la nyumbani chukua la solenoidi, na pawe na tundu la ufunguo wa kawaida pembeni, maana betri nayo ina siku yake ya kuisha.

Kuhusu haya ya waifai: mengi hushika masafa ya gigahezi 2.4 peke yake, na ruta yako iko sebuleni, nyuma ya kuta za tofali. Zaidi ya hapo, sanduku likiwa chuma tupu na antena imefichwa ndani, chuma chenyewe kinaziba mawimbi. Tafuta lenye antena iliyotokeza nje au kidirisha cha plastiki. Lisilo na kimojawapo usilinunue, hata kama picha zake zinavutia.

Afande_Bombo:
Mimi nina wasiwasi na hizo namba. Ukiwapa boda wote namba moja, haitachukua muda mrefu kabla mtaa mzima haujaijua. Lazima iwe namba ya kutumika mara moja, au ya saa chache, kisha ife. Kampuni ya igloohome ya Singapore ina makufuli ya namna hiyo: kufuli na programu ya simu zinafuata hesabu moja ya siri, kwa hiyo unaweza kumtumia mtu namba mpya kutoka popote ulipo wakati kufuli lenyewe halijaunganishwa na intaneti hata kidogo. Kwa nchi ambayo umeme ukienda ruta nayo inazima, hicho ndicho kipengele ningekilipia.

FundiChuma_Katwe:
Mama, vifaa ni vizuri lakini mwizi hashindani na programu, anashindana na bati. Sanduku likiwa na mdomo wazi, mtu anaingiza waya wenye ndoana na kuvuta mzigo bila kugusa kufuli. Sisi tunachomea ulimi wa bati nyuma ya mdomo, unashuka kwa mshazari. Kifurushi kinateleza na kupita, ila mkono unagota pale unapotaka kukunja kiwiko. Kabla hujalipa, tia mzigo ndani, mwite kijana mwembamba pale karakana ajaribu kuutoa. Akiutoa, usilichukue, ulimi urefushwe.

Mvua nayo iangalie. Paa dogo la mbele lichomoze, na ukingo wake upindwe kuelekea chini ili tone lianguke hapo hapo. Ukiachwa bapa, maji yanafuata bati kwa chini hadi kwenye bawaba, na kutu inaanzia pale. Toboa matundu chini ya sanduku, uyazibe kwa wavu wa dirishani, la sivyo nyigu watahamia.

Busia_Mpakani:
Jambo moja naona halijaguswa. Wengi wetu tunalipa mzigo ukishafika mkononi. Boda ambaye hajalipwa hawezi kuuacha sandukuni hata ukimpa namba. Kwa hiyo sanduku linakufaa kwa wauzaji unaowaamini, uliowalipa mapema kwa simu, kwa MoMo au Airtel Money. Simu mpya, viatu vya kujaribu, kitu chochote cha kukaguliwa, hivyo vipokelewe na mtu. Ukipiga hesabu ukakuta mizigo yako mingi ni ya kulipia mlangoni, la bei kubwa kutoka nje halitakurudishia fedha yako.

MamaPacha_Kira:
Ahsanteni sana. Busia, umenifungua macho: vitabu vya watoto na vifaa vya ushonaji ndivyo ninavyolipia mapema, vingine hapana. Waya, na lile la laini ya simu?

Waya_Jinja:
Linafaa mahali ambapo waifai haifiki. Ila mengi ya bei nafuu yana moduli ya SIM800L, kifaa kidogo cha kushika laini kinachotumia mtandao wa zamani wa 2G, na inapotuma ujumbe huvuta hadi ampea 2 kwa kitambo kidogo sana. Betri dhaifu au waya mwembamba haviwezi, kifaa kinazima na kuwaka upya. Muuzaji atasema mtandao ni mbovu, kumbe ni njaa ya umeme. Na laini ni ya kusajiliwa kwa jina lako na kuwekewa salio.

Kwako mimi ningefanya hivi: sanduku la Katwe, kufuli la namba analosema Afande, na sensa ndogo ya sumaku mlangoni yenye chipu ya ESP32, kompyuta ndogo yenye waifai ndani yake. Chipu hiyo hulala ikitumia takriban mikroampea 10, mlango ukifunguliwa inaamka, inatuma taarifa, inalala tena. Mwambie fundi wako asitumie bodi ya majaribio kama ilivyo, kwa sababu taa yake na saketi ya USB hula umeme chipu ikiwa imelala. Geti linapigwa jua, kwa hiyo betri iwe ya LiFePO4 (lithiamu yenye chuma na fosfeti), inavumilia joto kuliko lithiamu za kawaida.

Afande_Bombo:
Nakubali, mradi taarifa ikikosa kufika kufuli liendelee kufanya kazi. Hivyo viwili visitegemeane.

MamaPacha_Kira:
Basi nimeamua, ni la Katwe. Mwashi nitamwambia apitishe paipu ya waya ukutani kutoka nyumbani hadi getini, hata kama leo natumia betri. FundiChuma, nimpe vipimo gani?

FundiChuma_Katwe:
Bahasha ya C4, inayobeba karatasi ya A4 bila kukunja, ni milimita 229 kwa 324. Mdomo usipungue upana huo wa 324, na uzidi kidogo. Kimo chake na kina cha sanduku pima kwa kifurushi kikubwa unachoagiza mara nyingi. Mlango wa kutolea mzigo ufungukie ndani ya ua, ili huku barabarani pabaki mdomo na vitufe tu. Njoo na vipimo vya ukuta kabla ya plasta.