Majaribio ya vijana ya siku moja huku Kusini ni usanii mtupu

Wakuu, klabu zetu za Mtwara na Lindi zinaita majaribio ya vijana kwa siku moja, fomu ya kulipia, tena mwezi Novemba. Hili lazima lisemwe bila kupepesa macho.

Pigeni hesabu. Wakija vijana 132, hizo ni timu 12, mechi sita. Uwanja mmoja, dakika 20 kila mechi: saa mbili kazi imekwisha. Watoto hawajuani, kila mmoja anapiga chenga ili aonekane. Winga anagusa mpira mara nne anatolewa. Kipa mwenye mabeki wazuri hadaki hata mmoja. Kocha hapo kaona nini? Kaona miili! Anayechukuliwa ni aliyewahi kubalehe. Wavulana wengi hurefuka kwa kasi karibu na miaka 14, lakini yuko anayeanza mapema na yuko anayechelewa, kwa hiyo kundi la chini ya miaka 15 utakuta mwenye kifua cha mtu mzima anamsukuma mtoto. Miaka mitatu baadaye miili imelingana, na mwenye ufundi alikuwa yule mdogo. Keshaacha mpira, yuko kwenye bodaboda. (Waliopunguza umri sijawagusa, hao ni mada nyingine.)

Na kwa nini Novemba? Kidato cha pili na cha nne wako kwenye mitihani ya taifa, Newala na Tandahimba watu wanaokota korosho. Eti kuwahi dirisha dogo, usajili wa katikati ya msimu. Mtoto wa miaka 14 na dirisha dogo wapi na wapi?

Wekeni siku tatu, saba kwa saba, nusu uwanja, kila mmoja jezi yenye namba. Makocha wawili waandike bila kuambiana: anatazama pembeni kabla ya kupokea? Mguu dhaifu anautumia? Akipoteza mpira anasimama au anaufuata? Tarehe ya kuzaliwa na urefu vikae kando ya alama. Na nendeni UMISSETA, michezo ya taifa ya shule za sekondari. Mwaka 2019 na 2021 ilichezwa hapa hapa Mtwara, vipaji vya nchi nzima vililetwa mlangoni.

Halafu mnalia hamna hela. Kijana akiuzwa nchi nyingine kabla mkataba haujaisha, FIFA inataka asilimia 5 ya ada igawiwe klabu zilizomlea: 0.25 kwa kila mwaka wa umri wa 12 hadi 15, na 0.5 kwa kila mwaka wa 16 hadi 23. Mkimlea kuanzia 14 hadi 17 ni asilimia 1.5. Ada ikiwa dola 200,000, zenu ni dola 3,000. Lakini hulipwa klabu ambayo usajili wake uko kwenye kumbukumbu za shirikisho. Nyie mnamchezesha misimu miwili kwa jina la kwenye daftari la klabu tu, bila kumsajili.

Hela ya fomu mnaijua kuihesabu. Karatasi za usajili wa vijana wa msimu uliopita ziko wapi?