Msimamizi kazungushia "sampuli nasibu" kalamu nyekundu. Nimekosea wapi?

Binti_Ilemela: Habari za jioni wakuu. Niko mwaka wa mwisho chuoni hapa Mwanza, naandika utafiti kuhusu kipato cha akina mama wauza dagaa pale Mwaloni, Kirumba. Nimehoji 12. Kwenye sura ya tatu nikaandika nimetumia "sampuli nasibu", maana sikuwa namfahamu hata mmoja. Msimamizi kaandika pembeni: "Nasibu kivipi?" Halafu jamii lengwa na kundi lengwa ni kitu kimoja? Wiki mbili zijazo narudisha kazi.

Mzee_wa_Hesabu: Pole mwanangu. Hao 12 uliwapataje?

Binti_Ilemela: Shikamoo mzee. Niliingia saa nne asubuhi, nikaanza na wa karibu na geti ambao hawakuwa na wateja.

Mzee_wa_Hesabu: Marahaba. Hiyo ni sampuli ya urahisi, umechukua waliokuwa rahisi kufikiwa. Wenye wateja umewaruka, na unapima kipato! Nasibu si "yeyote tu". Fikiria bahati nasibu: tiketi zote zimo kwenye chombo, kila moja ina nafasi ya kutoka. Mama aliyekaa mwisho kabisa alikuwa na nafasi gani kwako? Jamii lengwa na kundi lengwa ni yale yale, ila shika moja usirukeruke. Kwako ni wauza dagaa wote wa Mwaloni. Tafuta orodha yao. Ikikosekana, zipe meza namba mwenyewe, andika vikaratasi, changanya, chomoa.

Mama_Sado: Mimi si msomi, nauza hao dagaa. Mnunuzi mzoefu hadanganyiki na wa juu ya gunia. Anazamisha mkono hadi kiwiko, anatoa wa chini, anawasugua kiganjani asikie kama wana mchanga. Juu tunaweka waliong'aa, tusifichane. Wewe binti umepima wa juu.

Mzee_wa_Hesabu: Mama kaninyang'anya chaki 😂

Ngosha_Data: Uchomoe wangapi sasa? Wengi hutumia kanuni ya Yamane: gawa idadi ya kundi lengwa kwa 1 + idadi hiyo mara kosa la kukadiria (kiasi unachokubali jibu lipishane na ukweli) kipeo cha pili. Tuseme wapo 400, kosa 0.1: 400 ÷ (1 + 400 × 0.01) = 400 ÷ 5 = 80. Ukitaka kosa 0.05, wanakuwa 200, na nauli ya daladala ni yako. Pia watenge wa jumla na wa rejareja, uchomoe kila upande; hiyo ndiyo sampuli ya matabaka. Wastani nao uangalie: wanne wakipata 10,000 kila mmoja na tajiri mmoja 160,000, wastani unasoma 40,000, na hakuna hata mmoja anayepata hiyo. Taja na mediani, ile namba ya katikati ukishazipanga.

Binti_Ilemela: Asanteni sana. Wale 12 nawatupa?

Mzee_wa_Hesabu: Waite utafiti wa majaribio. Wamekusaidia kunyoosha maswali.

Mama_Sado: Ulienda lini lakini?

Binti_Ilemela: Jana, mama.

Mama_Sado: Jana mbalamwezi imejaa! Dagaa wanavuliwa kwa taa, mwezi ukiwaka hivi wavuvi wengi wanapumzika. Nusu yetu tuko nyumbani tunafua. Subiri giza lirudi, ukiona taa zimetapakaa ziwani usiku, kesho yake alfajiri uwe sokoni. Saa nne umechelewa.