Kanuni ya zebaki Marekani: gharama bilioni 9.6, faida milioni 6?

Mdadisi: Wakuu, nasoma kesi ya 2015 ya jimbo la Michigan dhidi ya EPA, shirika la serikali kuu ya Marekani la kulinda mazingira. Wapinzani wanasema kanuni ya zebaki kwa mitambo ya makaa ya mawe ingegharimu dola bilioni 9.6 kwa mwaka, na faida ya kupunguza zebaki ni milioni 4 hadi 6 tu. EPA nao wanataja bilioni 37 hadi 90. Nani anadanganya?

Kikokotoo: Hakuna anayedanganya, kila upande unahesabu chake. Hizo milioni ni bei ya kitu kimoja: akili inayopotea kwa watoto wa familia zinazokula samaki wa maziwa na mito waliovua wenyewe. Madhara mengine ya zebaki hayakupatiwa bei, kwa hiyo kwenye jedwali yanasomeka kama sifuri. Yale mabilioni karibu yote ni vifo vya mapema vinavyoepukwa: mtambo ukifunga vifaa vya kunasa gesi za asidi, ambazo kanuni hiyo ilizibana pia, salfa dioksaidi nayo hupungua, na ndiyo inayogeuka vumbi laini hewani. Mahakama ya Juu, kwa kura 5 kwa 4, ilisema gharama zilipaswa kupimwa kabla ya kuamua kudhibiti. Haikuifuta kanuni. Na hukumu ilitoka Juni, wakati tarehe ya kutii ilikuwa Aprili. Wenye mitambo wengi walishaweka vifaa au kuizima.

Fundi wa Moshi: Gharama yenyewe iko hapa, kwenye mnara wa kuoshea moshi. Mtambo wa megawati 500 huchoma tani 200 hivi za makaa kwa saa. Salfa ikiwa 2%, zinatoka karibu tani 8 za salfa dioksaidi. Kunasa 95% kunahitaji tani 12 hadi 13 za mawe ya chokaa yaliyosagwa, na unabaki na tani 20 hivi za jasi, kila saa. Tope la chokaa lishikilie pH (kipimo cha asidi) kati ya 5 na 6. Ikipanda, chokaa haiyeyuki vizuri na ukoko unaziba nozeli. Ikishuka, gesi inapita. Kloridi nayo hujikusanya na kula chuma, kwa hiyo lazima umwage sehemu ya maji, na hayo maji yana kanuni zake.

Mzee wa Sera: Mkuu Fundi umesema vyema, ila siasa ilianza zamani. Sheria za miaka ya 1970 zilibana mitambo mipya kuliko iliyokuwepo, basi wenye mitambo mikuukuu wakaikarabati badala ya kujenga. Kanuni ya 1979 ikalazimisha kuosha moshi hata wa makaa yenye salfa kidogo, jambo lililowafaa wachimbaji wa mashariki, ambao makaa yao yana salfa nyingi. Mwaka 1990 ndipo zikaja hati za kuuziana haki ya kutoa salfa, na kampuni nyingi zikakwepa mnara kwa kuagiza makaa yenye salfa kidogo ya jimbo la Wyoming. Kwa hiyo Mdadisi, kabla ya kubishana kuhusu bilioni, uliza mtambo uko jimbo gani. Bei ya umeme ikipangwa na tume, mteja ndiye hulipia mnara. Umeme ukiuzwa sokoni, ni mwenye hisa, na huyo akiona gesi asilia ni rahisi huzima tu.